Watu Wasio na Nyuso

Wifi yangu Benita anaogopa pikipiki. Hapa Kitanga anajulikana zaidi kwa hilo kuliko kwa maharage yake, ingawa kwa maharage hakuna anayemfikia. Pikipiki ikisikika inapanda mlima, anaacha jembe na kulala kifudifudi kati ya mihogo mpaka ipite. Watoto wa shule walikuwa wakimcheka. Niliwachapa wawili, nikaitwa kwa mwalimu mkuu, na wakirudia nitawachapa tena.

Kisa chake kila mtu anakijua. Mumewe Kipriani, kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa bodaboda. Walikuwa wanarudi kutoka Kibondo, Benita amekaa nyuma, wakakuta gogo limelazwa barabarani. Kipriani akamwambia aruke. Akaruka, akakimbilia porini, akajilaza kwenye majani. Kutoka pale aliwaona wanaume waliolitega lile gogo kwa mgongo tu, lakini alisikia yote. Aliyoyasikia siyasemi.

Baada ya mazishi nilihamia kwake. Jua likianza kuzama tu anatetemeka, anaegemeza mchi mlangoni, ananiuliza kama nimesikia. Nimesikia nini? Hajui. Siku si nyingi nami nikaanza kusikia. Hofu inaambukiza jamani, asikudanganye mtu.

Nikampeleka hospitali Kasulu. Huko tulimkuta nesi anayeitwa Zaitun, anayewahudumia wenye matatizo ya akili na mawazo, binti mwenye asili ya pwani, maneno yake laini kama anabembeleza mtoto. Alimsikiliza Benita mpaka chai yake ikapoa mezani.

"Mama, pole sana," alisema. "Hayo unayoyaona yanakusumbua kwa sababu hayana pa kutokea. Unaandika?"

"Jina langu tu, sista."

"Basi chora. Wala usijali uzuri. Hofu ikikushika, chora hicho hicho unachokiogopa. Halafu kitazame. Kitakuwa kule, na wewe uko huku."

Njiani nilimtania kwamba tumelipa nauli mpaka Kasulu kwenda kuambiwa tuchore kama watoto wa chekechea. Benita hakucheka. Tulipofika alichukua mkaa jikoni akaingia chumbani kwake, na nilipomwita kula hakuitika.

Alianza na barabara, ukutani. Siku nyingine akaweka gogo, kisha pikipiki imelala ubavu, kwa mkaa na ule udongo mweupe tunaopakia nyumba sikukuu zikikaribia. Mwisho wakaja wale wanaume, ukuta mzima. Wengine wamegeuza migongo. Wengine wanakutazama, ila kichwani hamna jicho, hamna mdomo, hamna kitu. Sikupenda kuingia chumba kile. Lakini Benita akaanza kulala! Mchi ukarudi kwenye kinu. Akishikwa na mtetemeko anaingia chumbani, anatoka na mikono myeusi, ametulia, anauliza tunakula nini. Nilimwombea dua yule nesi kila Jumapili.

Kisha akaja Tunu, jirani yetu, kuazima ungo. Tunu hajui kubisha hodi. Akapitiliza mpaka chumbani, akasimama, akatoka bila ungo na bila kuaga. Wiki hiyo hiyo mwanawe akashikwa na degedege.

Maneno yakaanzia kisimani. Kwamba Benita anachora watu, na anayechorwa anaugua. Kwamba wale wasio na nyuso ni kwa sababu bado hajachagua nani afuate. Niliposikia hilo mwili ulinisisimka, maana lilikuwa limetungwa vizuri. Kama nisingeishi naye, pengine ningeliamini.

Na hapo ndipo tukasikia kamchape wanakuja. Ni makundi yanayozunguka vijijini yakisema yanafichua wachawi. Serikali imeyapiga marufuku, polisi wanawasaka, nao wanakuja tu kwa sababu watu wenyewe wanawaita. Wanaingia nyumba moja baada ya nyingine, na wakitoka na chochote mkononi, mwenye nyumba kwisha habari yake. Kijiji cha jirani walimtoa bibi mmoja hivyo. Nyumba yake ilichomwa mchana kweupe, watu wamesimama wanatazama.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Bazilio, alikuja mwenyewe kutuambia, akizungumza huku anaangalia barabarani. "Deborah, mimi nimesikia tu. Ni kesho. Ule ukuta, ufuteni." Hakutaka hata kukaa.

Nikakoroga udongo na mavi ya ng'ombe, nikabeba ndoo. Benita akasimama mlangoni pa chumba.

"Wifi, nipishe nipake," nilimwambia.

"Watakuta ukuta mbichi. Watauliza kilichofutwa ni nini."

"Basi twende Munanila kwa shangazi. Sasa hivi."

"Tukikimbia tumekiri."

"Mawe, mama yangu! Sasa unataka tufanye nini? Tukae tusubiri kiberiti?" Nilikuwa nafoka, na udongo umenimwagikia miguuni.

"Sijui," alisema. "Naogopa, Deborah." Tangu aolewe kwetu hakuwahi kuniita jina. Nikaweka ndoo chini, nikakaa naye pale mlangoni.

Asubuhi ngoma ilisikika kutoka bondeni. Ilinyamaza kila nyumba, ikaendelea, kila mara karibu zaidi. Mwishowe nikawaona, vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi, na nyuma yao kijiji kizima. Watu ninaosali nao. Tunu alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Hakuna aliyenisalimia.

Benita akaingia ndani. Nikajua amejificha, nikasema moyoni basi tumekwisha. Lakini akatoka na kipande cha mkaa, akasimama kando ya mlango, penye ukuta wa nje tulioupaka mweupe wakati wa Pasaka.

Kiongozi wao, kijana mwenye kofia, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Tumeambiwa humu kuna watu umewafungia."

"Wamo," Benita akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, watu wakasogea ili wasikie. "Ingieni muwaone. Ndio waliomuua mume wangu. Mimi nikiogopa, nachora ninachokiogopa. Sasa nawaogopa ninyi."

Akageukia ukuta, akaanza.

Alichora kofia kwanza. Halafu akageuka akamtazama yule kijana, akamtazama sana, akarudi ukutani akaweka taya, nyusi iliyokatika kwa kovu, sikio lililochanika. Mistari ilikuwa inatetemeka, lakini uso ukatokea. Siku ya gogo hakuziona nyuso. Hawa walikuwa wamesimama juani.

"Acha," yule kijana alisema.

Hakuacha. Akaanza na mpiga ngoma.

"Wewe mama, nimesema acha!"

"Ni yeye kabisa," mtu akanong'ona nyuma. "Hata kovu." Mpiga ngoma akavuta kitambaa akafunika mdomo, mwingine akainama, mwingine akarudi nyuma ya watu. Waliogopa mkaa wa Benita, au waliogopa polisi watakaopita na kuona sura zao ukutani? Sijui mpaka leo, na sikuwauliza.

"Nyumba hii haina kitu," kiongozi alisema, tayari ametugeuzia mgongo. Wakashuka upesi, ngoma imefungwa kwapani.

Watu wakabaki. Hakuna aliyepiga kofi, hakuna aliyeomba radhi. Tunu alimweka mwanawe vizuri mgongoni na kuendelea kumtazama Benita, ambaye bado alikuwa anachora, anamalizia vidole vya mpiga ngoma, kana kwamba akisimama kidogo tu watarudi. Hapo ndipo nilipoona kitenge chake kimelowa kuanzia mapajani mpaka chini, na tope dogo kati ya nyayo zake. Nikavua khanga yangu ya begani, nikamfunga kiunoni, nikasimama nyuma yake nikiwatazama watu mmoja mmoja machoni mpaka wote wakaenda zao.