Siku Niliyomfunulia Baba Mkwe Uso

Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, huingia migombani akajifunika nguo mpaka apite. Niliishi hivyo tangu nilipoolewa kijijini Ipyana, nikimpikia mzee na kumpelekea chakula kwa mikono ya watoto, na sikuona ubaya wake. Ubaya niliuona alipoletwa kwenye nyumba ya wagonjwa ya misheni, ambako nilikuwa nikifunga vidonda.

Ilikuwa enzi ya Wadachi, yaani Wajerumani. Daktari wetu Mzungu alikuwa fundi kweli wa kukata na kushona, lakini alishughulika na kidonda, mwenye kidonda hakumtazama usoni. Mzee alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alikwisha kusema hakuna la kufanya ila kumpa dawa ya maumivu. Mzee akageukia ukutani. Uji hataki, dawa hataki. Wanaume waliomhudumia wakambana taya wamnyweshe, akawatemea. Nilisikia yote kutoka chumba cha pili, hasira zikanipanda. Mtu anateseka hivyo, na mimi ninayeijua kazi nijifiche kwa sababu tu ni mke wa mwanawe?

Mama mkwe alinionya kwamba nikiingia nitakuwa tasa. Mume wangu akasema atanirudisha kwetu. Nikaingia mchana kweupe, wote wakiona, nguo ikinifunika uso.

Dawa sikuigusa kwanza. Nilikaa chini kando ya kitanda nikampa habari za ng'ombe wake: yule mwekundu amezaa, yule mkongwe anachechemea, maziwa bado yapo. Akageuka kutoka ukutani akauliza mimi ni nani. Nikamwambia ndimi ninayempikia.

"Nimekula chakula chako miaka yote hii," akasema, "na sijui una uso gani. Toa hiyo nguo, mwanangu."

Nikaitoa. Akanitazama mpaka nikaona haya, kisha akasema, "Ndaga," ndiyo asante yetu, akafungua kinywa mwenyewe.

Hakupona. Lakini alikunywa dawa mkononi mwangu kila siku mpaka alipokufa, na hakuna aliyembana taya tena.

Msibani wakubwa wa ukoo waliniita. Walitaka niseme mbele ya watu kwamba nilijifunika wakati wote, yaishe. Nikawaambia nilimwona, naye aliniona, na anayetaka kunifukuza aanze sasa hivi.