Harufu ya Petroli Kwenye Boti ya Mawimbi

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ile ya vita. Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga wa ziwa hapa Bujumbura, tumbo limetangulia mbele, na mume wangu Deo ameshika ufunguo wa boti akijiandaa kuiwasha. Nitakueleza kilichotokea, mwanangu, kwa sababu nimesikia unataka kununua boti ya mawimbi, na kila ninapokuuliza umeikaguaje unanijibu habari za rangi yake na spika zake. Nivumilie kidogo. Mimi nikianza kusimulia sina haraka, na hiyo boti haitakukimbia kabla sijamaliza.

Wewe unaijua boti ya namna hiyo, lakini wengine watakaosikia maneno haya hawaijui. Ni boti ambayo haikutengenezwa kwa safari wala kwa mizigo. Kazi yake ni kupiga wimbi kubwa nyuma yake, na mtu anasimama kwenye ubao mfupi anateleza juu ya wimbi hilo, mwishowe anaachia hata kamba inayomvuta. Injini yake iko ndani, upande wa nyuma, imefunikwa kwa sanduku lenye mto wa kukalia. Pangaboi lake, lile linalosukuma maji, limejificha chini ya tumbo la boti. Usikubali kamwe mtu akuambie kwamba boti yenye injini ya kuning'inia nyuma inafaa kwa mchezo huo, maana pangaboi lake liko pale pale mteja wako atakapoangukia.

Yetu tuliikuta mtaa wa Kigobe, uani kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao kwa sababu ya vita. Ilikuwa imelala juu ya trela yake chini ya turubai. Mimi na Deo tuliuza kiwanja chetu cha Ruziba, ambacho hakikuwa kinalimika tena kwa hofu ya mapigano, tukainunua. Ndugu zangu walisema tumerukwa na akili. Nchi inaungua, ninyi mnanunua kitu cha kuchezea! Lakini mimi nilikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, niliyetoka Uvira, ng'ambo Kongo, na vitenge kichwani, na nilikuwa nimeona jambo moja: watu walioshinda wiki nzima wakisikia bunduki milimani, ikifika Jumamosi wanataka ziwa. Wanataka kucheka. Nani alikuwa anawapa?

Kununua tulinunua vizuri kiasi. Deo alikuwa fundi wa magari, akaomba mtu asiipashe injini moto kabla hajafika, ili aisikie ikiamka baridi. Ukienda kutazama boti ukakuta injini tayari ina joto, mwanangu, jiulize kwa nini mwenyewe aliamka mapema hivyo. Alikanyaga sakafu yote kwa kisigino akitafuta mahali palipooza. Tukabadilisha batiri, tukabadilisha mafuta ya injini, tukanunua jile, yaani jaketi za kuelea, za saizi zote, pampu ya kutoa maji, na kizimamoto. Mpira wa kupitisha petroli tuliutazama kwa juu, tukauona mweusi, tukaridhika.

Mafuta yalikuwa shida wakati huo. Yalikuja kwa madumu, na ndani ya dumu hukujua utakuta petroli, maji au mafuta ya taa. Tuliyachuja kwa kitambaa kizito kabla ya kuyamimina. Hilo hatukuliacha hata siku moja. Na kila mara kabla ya kuwasha, Deo aliwasha kwanza feni ndogo iliyomo kwenye chumba cha injini, akaiacha izunguke, itoe mvuke wa petroli nje kupitia matundu ya ubavuni. Petroli ikivuja ndani ya sanduku lililofungwa, cheche moja tu inatosha.

Basi biashara ikaenda. Askari wa ufukweni walituruhusu mradi tusiende mbali na tusizidi saa za mchana. Kiboko akitokeza pua tulirudi pwani tukasubiri amalize matembezi yake.

Kisha siku moja risasi iliyopotea ilitoka huko milimani ikatoboa mtumbwi wa jirani yetu, uliokuwa umevutwa mchangani. Hakuna aliyeumia. Lakini usingizi uliniisha. Nilimwambia Deo kwamba siwezi kumtazama akienda majini namna ile, mgongo wazi. Naye hofu ilikuwa imemwingia, ila hakutaka kuisema. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea mtaani Buyenzi, akarudi na mabamba ya chuma, akayafunga kuzunguka nyuma yote ya boti, pande mbili na mgongoni. Matundu ya hewa yakabaki nyuma ya chuma. Tuliyaona. Deo alisema hewa itapita chini ya viti, nami nikasema sawa, kwa sababu nilichokuwa naogopa ni risasi.

Na unajua nini? Wimbi likawa zuri zaidi! Boti hizo zinataka uzito nyuma; zamani tulikuwa tunapakia magunia ya mchanga. Sasa chuma kile kiliikalisha chini, wimbi likainuka laini na refu, na wateja wakaanza kutuletea wenzao. Tukajiona wajanja mno, kwa kazi moja tumepata kinga na wimbi.

Wakati huo shangazi yake Deo, aliyeitwa Veronika, alikuwa amehamia kwetu. Aliikimbia nyumba yake Ruziba na sufuria mbili. Ndiye aliyemlea Deo baada ya wazazi wake kufariki. Kazi yake ilikuwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, na kuhusu boti alikuwa na wazo moja tu, kwamba watu wazima wanaovutwa majini wamekosa shamba la kulima. Hata hivyo kila Jumamosi alikuja nasi, akaketi mchangani na khanga yake, akiwahesabia wateja kuanguka kwao na kucheka peke yake.

Jumamosi hiyo ninayokuambia, walikuja daktari mmoja kijana na wenzake. Walikuwa wamevaa jile tayari, wameingia botini, wanataniana nani ataanguka wa kwanza. Deo alikuwa ameshazungusha feni. Mimi nilisogea kumpa chupa ya maji, na pua yangu ikapigwa.

"Deo, mi nasikia arufu ya esanse," nilimwambia. Ndivyo tulivyoita petroli.

Akacheka. "Ni mimba iyo, we! Jana ulisema ata sabuni inanuka."

Wateja nao wakacheka. Kweli, jana nilikuwa nimeikimbia sabuni, na juzi mchele. Nikaona haya. Mimi, niliyekuwa nagombana na mawakala wa forodha bandarini mpaka wakaziba masikio, nikarudi nyuma nikanyamaza. Nakuambia bila kuficha, mwanangu, kunyamaza kule kunaniuma kuliko mabamba.

Shangazi aliinuka. Alipita majini na khanga yake ikilowa, akapanda botini kwa kusukumwa na daktari, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma. Akaketi juu ya sanduku la injini, akapanga mikono mapajani.

"Shangazi, shuka. Batu banangoja," Deo alimwambia kwa adabu.

"Kama apana kitu, washa. Mi nakaa apa."

"Lakini we unasikia arufu?"

"Apana. Mi niko na mafua tangu juzi, sisikii kitu. Bibi yako njo anasikia."

Bibi huyo ndiye mimi, mkewe. Ufunguo ulikuwa umeshaingia mahali pake; kilichobaki ni kuuzungusha. Namwona Deo mpaka leo. Alimtazama mwanamke aliyemlisha, aliyeketi juu ya injini yake kama yuko jikoni kwake, na mkono wake haukuzunguka. Dakika moja tu kabla ya hapo alikuwa tayari kuiwasha na watu wote wale ndani, na moyo wake haukumsuta. Sasa hakuweza. Akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasema kwa sauti ndogo, "Shuka kwanza, nifungue."

Alipoinua kifuniko, hata waliokuwa mchangani walirudi nyuma. Petroli ilikuwa inaelea chini ya injini, juu ya maji, imetandaza rangi zake. Ule mpira mweusi ulikuwa umekauka tangu Kigobe na sasa umepasuka. Mvuke ulikuwa umejaa mle ndani hauna pa kutokea. Feni ilikuwa inauzungusha tu, kwa sababu tuliziba njia kwa mikono yetu. Daktari aliwatoa wenzake mmoja mmoja.

Shangazi alimgeukia Deo, na hakupandisha sauti.

"Bibi yako alikuambia anasikia arufu, we ukamujibu mambo ya mimba. Mutu akisema anasikia arufu, fungua uangalie. Ukikuta apana kitu, utafunga tena. Iyo ni kazi gani?" Kisha akanigeukia mimi. "Na we, iyi mudomo unapigiaka batu kelele ku bandari, leo uliiacha ku nyumba?"

Alipotaka kushuka, hakuweza peke yake. Tulimshika mimi na Deo, huku na huku, naye hakuniachia mkono hata tulipofika mchangani. Ndipo nilipofahamu kwamba alipoketi pale aliogopa sana. Hakuwa na hakika ya chochote. Alikuwa na neno langu tu, na alilichukua akaenda kulikalia. Nililia mbele ya wateja, na sikujali.

Mabamba tuliyafungua siku ileile. Wateja walikwenda zao, na Jumamosi kadhaa hatukupata mtu, maana habari zilifika mbali. Deo alibadilisha mipira yote, hata ile iliyoonekana mizima, akasafisha tumbo la boti mpaka likanuka sabuni, ile niliyokuwa naichukia. Tukarudi kwenye magunia ya mchanga. Tukaweka na sheria moja: yeyote akisema ananusa kitu, boti haiwashwi mpaka sanduku lifunguliwe, awe mteja, mlevi au mpita njia. Mara nyingi tulifungua tukakuta hakuna kitu. Tukafunga, tukaendelea na kazi, na hatukuona hasara.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Nunua boti yako, sikukatazi. Isikie injini ikiwa baridi. Usiamini mpira kwa rangi yake. Ukunje, na ukiona nyufa utupe. Chuja mafuta. Zungusha feni, kisha weka pua yako mwenyewe kwenye matundu. Spika ziwe za mwisho. Na ukishikwa na hofu ya jambo kubwa, ya vita, ya wezi, ya lolote linalokunyima usingizi, kabla hujafunga chuma tazama kwanza unaziba nini. Risasi niliyoiogopa haikuja kamwe. Kilichotaka kuniulia mume kilikuwa ndani, petroli ileile tuliyoichuja wenyewe.

Lakini hayo yote fundi yeyote atakufundisha. La kwangu ni hili: wanaokupenda wakikuambia kitu hakiko sawa, usiwapime kwanza kama wanastahili kusikilizwa. Fungua uangalie. Na ukiwa wewe ndiye uliyenusa, usiseme mara moja ukanyamaza kwa haya. Sema tena. Keti juu yake ikibidi.

Binti yetu alizaliwa mvua zilipoanza, na Deo ndiye aliyempokea mikononi mwa mkunga. Shangazi alimpa jina.

Mungu akupe maji matulivu na wateja wenye kucheka. Akupe pia mtu wa kukukatiza ufunguo ukiwa mkononi, na akupe moyo wa kumshukuru kabla hujajua kama alikuwa sahihi. Nenda salama, mwanangu.