Kiti Chini ya Turubai

Wifi yangu Sabina hutengeneza injini za mitumbwi pale Kamanga. Watu wakitaka kumsifu husema, "Huyu si mwanamke, ni dume." Yeye hucheka kidogo, anaendelea na spana yake. Mimi sifa hiyo ilishanichosha zamani. Kwani mwanamke akiweza kazi, ni lazima aitwe mwanaume ndipo apongezwe?

Mama yake alipofariki, msiba ukawa kwetu Mkolani. Mume wangu Maige akamwekea dada yake kiti chini ya turubai, kwenye kamati ya mazishi, katikati ya wanaume. Binti yetu Favour, anayefanya kazi kwenye shirika la haki za wanawake mjini, alifurahi mno. Sisi wengine tulikuwa tunajiandaa kwenda mochwari kumwosha marehemu na kumvika. Sabina akainuka atufuate.

"Kaa, dume letu," Maige akasema. "Hiyo kazi wapo wanawake."

"Kwani mimi ni nani, kaka?"

Favour akamshika mkono. "Shangazi, usiturudishe nyuma. Wenzako tunakitafuta hicho kiti mpaka leo."

Sabina hakuwa amelala vizuri tangu mama alazwe. Akajibu taratibu, "Kiti nakitaka, mwanangu. Lakini kesho mama anazikwa. Nisipomshika leo, nitamshika lini?"

Nikamwambia Favour amwachie. Niliudhika, wala sikuficha. Kuosha, kuvika, kulisha, ndiko kulikomlea yeye mpaka akazijua hizo haki, leo anasema ni kurudi nyuma. Favour akamwachia. Akabeba beseni, akatufuata.

Mochwari Sabina alimwosha mama yake polepole, kucha zake bado nyeusi kwa oili, na hakuna aliyemharakisha. Akamchana zile mvi, akamsuka mistari ya kulala, kama mama alivyokuwa akimsuka yeye kila Jumapili kabla ya kanisa. Favour alishika kitana.

Tuliporudi kiti kilikuwa bado kitupu.

"Dume, jikaze," Maige akaita. "Kamati inakusubiri wewe."

"Naja, kaka. Nikimaliza kulia."

Akakaa kwenye mkeka wetu, akalaza kichwa mapajani mwa Favour, akalia kwa sauti. Miaka yote ya uwifi wetu sikuwahi kumsikia akilia. Baba yao alipokufa walimwambia dume halilii, naye akatii.