Pointi Zilitimia Siku ya Mazishi

Simu ya marehemu ilitetemeka mfukoni mwangu wakati nimeshika udongo wa kumtupia.

Ilitetemeka mara moja, ikanyamaza. Huku kwetu Vudee, milimani juu ya Same, mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu, kwa hiyo ujumbe wa asubuhi unaweza kukufikia saa tisa.

Nikatupa udongo. Nikasogea nyuma ya migomba, nikasoma.

"Hongera SIFAEL! Umefikisha pointi 306. Umepata Kifurushi cha Mechi kwa watu wawili. Karibu ofisini kwetu."

Nilikaa chini palepale. Watu wakaja kunishika mabega, wakasema ni uchungu wa baba.

Ulikuwa uchungu kweli. Ila si ule waliodhani.

Naitwa Tumainieli. Naandika kwa sababu nimeanza kusahau sauti yake, na sitaki nisahau nilichomfanyia.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge mpaka akastaafu. Yanga damu. Miaka hamsini aliifuata kwenye redio, baadaye akawa anaitazama kwenye runinga ya kibanda umiza pale stendi ya Same. Uwanjani hakuwahi kukanyaga hata siku moja.

Kisha kampuni moja ya mabasi, jina nalihifadhi, ikaleta mpango wa pointi. Ukikata tiketi unataja namba ya simu. Safari ya Dar pointi kumi, ya Moshi tatu. Zikifika mia tatu wanakupa kifurushi: basi kwenda na kurudi, chumba cha kulala usiku mmoja, na tiketi mbili za mechi ya watani, Simba na Yanga, uwanjani kwa Mkapa.

Baba akaita ukoo.

"Kila atakayepanda basi lile ataje namba yangu. Huu ni msaragambo."

Msaragambo kwetu Wapare ni kazi ya wote. Mnachimba barabara, mnajenga darasa, kila mtu na jembe lake. Yeye akauleta kwenye pointi.

Watu walicheka, lakini walitaja. Shangazi akienda kliniki Moshi, namba ya Sifael. Mtu akienda harusini Dar, namba ya Sifael. Dada yangu Asteria anayeishi Dar aliwafundisha mpaka majirani zake.

Simu niliishika mimi. Namba ya siri ya kufungulia pointi niliiweka mimi. Kila Jumapili baada ya ibada lilikuja swali lilelile.

"Tuma, zimefika ngapi?"

"Mia mbili na kumi, baba."

"Pale kwenye wasafiri umeandika nani na nani?"

"Wewe na mimi."

"Basi. Utanishika mkono kwenye zile ngazi."

Ilichukua miaka miwili.

Zilipotimia mia tatu, aliyeuona ujumbe ni mimi. Mechi ilikuwa wiki mbili mbele. Nikamwonyesha Rodgers, rafiki yangu wa bodaboda.

"Oya, unataka kwenda kwa Mkapa na mzee atakayeomba choo kila dakika tano?"

"Pointi ni zake, Rodgers."

"Kwani mechi ya marudiano haipo? Mzee ataoza? Twende sisi kwanza, yeye ataenda hiyo nyingine."

Nilicheka. Nikafuta ujumbe. Nikafuta jina la baba, nikaandika la Rodgers.

Jioni ile nilimkuta anachambua maharage ya makande.

"Baba, pointi zimefutwa. Zilipita muda."

"Zimefutwa na nani?"

"Mtandao."

"Huo mtandao unakaa wapi, nikauone?"

"Hauonekani, baba."

Akanitazama kidogo. Akarudi kwenye maharage yake.

Siku ya safari niliaga kwamba naenda Arusha kwenye usaili wa kazi. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea. Kwenye begi nilikuwa nimeficha skafu yake ya kijani na njano.

Sitawadanganya na ninyi. Nilifurahi. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Kamera ilipita jukwaani kwetu, nikaipungia skafu kwa mikono miwili. Matokeo ya mechi mnayajua wenyewe.

Niliporudi aliniuliza swali moja tu.

"Usaili umekwendaje?"

"Wamesema watapiga simu."

"Watapiga," akasema.

Tangu siku hiyo simu akawa anaishika mwenyewe. Kisha akaanza safari zake.

Jumanne na Ijumaa alipanda basi asubuhi, akashuka stendi ya Moshi, akakaa kwenye benchi akala ndizi mbili, akapanda la kurudi. Shughuli hana, mgonjwa wa kutazama hana. Kwenda pointi tatu, kurudi tatu. Miaka sabini na nne, na moyo ambao daktari alishamwambia aupumzishe.

Stendi wakapata kichekesho.

"Mzee Pointi! Moshi leo wamekusalimia?"

"Mpisheni mkaguzi wa mabasi!"

"Mzee, na sisi tukopeshe pointi tukaoe!"

Yeye alinyanyua kofia, akakaa dirishani. Mimi niliona aibu. Niliona aibu kwa ajili yake, siyo yangu.

"Baba, acha. Hiyo nauli unayotupa Moshi ingekupeleka Dar mara tatu. Tiketi nitakukatia mimi."

"Hesabu naijua, nilikuwa karani wa mizani. Hela yako sitaki. Nataka pointi zangu zirudi."

"Ni pointi tu, baba."

"Ndiyo," akasema. "Ni pointi tu."

Ilikuwa Ijumaa. Konda Salehe ndiye aliyenisimulia, tena huku anaona taabu kunitazama. Basi liliingia Same mchana kutoka Moshi. Baba alikuwa dirishani, kofia imemfunika uso.

Salehe akapaza sauti: "Mzee Pointi! Same hiyo! Shuka, zisije zikazidi ukapelekwa Ulaya!"

Basi zima likacheka. Hakuinuka. Salehe akamtikisa bega, kofia ikaanguka.

"Nilimtania maiti, kaka," akaniambia. "Na abiria walikuwa bado wanacheka."

Ujumbe wa mwisho kwenye simu yake ulionyesha pointi mia moja tisini na sita.

Asteria alitoka Dar kuja mazishini na ndugu wengine kumi. Walikata tiketi za basi lile. Dirishani wakaulizwa namba ya simu.

"Mdomo umezoea," alinieleza, macho yamevimba. "Nilitaja ya baba. Na nyuma yangu wote wakataja ya baba."

Watu kumi na mmoja. Pointi mia moja na kumi. Msaragambo wa mwisho.

Tulipomaliza matanga nilikwenda ofisi ya basi. Nilijaribu namba ya siri. Ikakataa.

"Aliibadilisha," binti wa dirishani akasema. "Alikuja mwenyewe, Jumatatu ile baada ya mechi iliyopita. Alisema nyumbani kwake kuna mwizi."

Nikashika ukingo wa dirisha.

"Nikamuuliza kama ameshatoa taarifa polisi. Akasema hapana, mwizi mwenyewe anakula kwake."

Akacheka kidogo. Hakujua anaongea na nani.

"Na wasafiri ni nani na nani?"

Akageuza kioo cha kompyuta nione. Wa kwanza Sifael. Wa pili Habibu.

"Nafasi ya marehemu inafutwa. Huyu wa pili anaweza kwenda. Kama wewe si Habibu, humo, kaka."

Mzee Habibu ni fundi cherehani, kibaraza chake kinatazamana na kibanda umiza. Simba wa kufa. Yeye na baba walitaniana miaka arobaini bila kukosana.

"Shikamoo, mzee Habibu."

Hakuinua kichwa. Alimaliza mshono mzima wa suruali ndipo akaitikia.

"Marahaba."

Nikaweka karatasi ya kifurushi niliyopewa ofisini juu ya cherehani. Akaisoma pole pole, miwani imeshuka puani.

"Unajua kwa nini limeandikwa jina langu mimi, mtu wa Simba?"

"Sijui, mzee."

"Kwa sababu tulikuona."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Siku ile mimi na baba yako tulikaa benchi moja. Kamera ikapita jukwaani. Kibanda kizima kikasema, mzee, si Tuma yule? Unajua alijibu nini? Alisema, wamefanana. Wangu yuko Arusha, kwenye usaili."

"Labda aliamini," nikasema.

"Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Yeye akarudia, wamefanana, wamefanana." Akavua miwani. "Uso unaweza kufanana, kijana. Ile skafu nilimshonea mimi, kwa kitambaa cha pazia. Duniani kote ipo moja tu."

Miezi minne mji mzima ulijua, na mimi sikujua kwamba wanajua. Stendi walipokuwa wanamcheka Mzee Pointi, walikuwa wanamcheka baba aliyeibiwa na mwanawe.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, namngoja aseme mwenyewe. Kila Ijumaa akishuka kutoka Moshi alipita hapa, namuuliza, amesema? Anajibu, bado."

Nikalia. Hakunipa pole.

"Nitakwenda kwenye mechi," akasema. "Nitakaa karibu na kiti kitupu. Wewe siku hiyo nenda kibandani, ukae palepale alipokaa yeye. Uonje."

Nilikwenda. Benchi la pili, karibu na nguzo. Waliokuwa wamekaa wakasogea, wakaniachia nafasi kubwa kuliko niliyohitaji.

Kipindi cha pili kamera ikapita jukwaani. Ikasimama kwa mzee mmoja mwenye kofia, amekunja mikono, anatabasamu peke yake. Sikumfahamu.

Sauti ikatoka nyuma: "Tuma! Si baba yako yule?"

Kibanda kizima kikalipuka.

"Wamefanana," nikasema.

Wakacheka zaidi.

Ndugu zangu, ukimdanganya mzazi akanyamaza, usijione mjanja. Pengine ameshakuona, amekaa anakungoja. Mimi nilingojwa miezi minne niseme neno moja, na nauli ya kuningoja alilipa yeye.