Aliyeagwa Akarudi

Ana ndevu za baba wa watu. Kabla ya mazoezi ya mpira wa kikapu hujifunga bandeji magotini taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga, kisha pete yake ya ndoa huifungia kwenye kamba ya kiatu. Timu nzima ya chuo humwita Babu.

"Babu, mwaka jana tulikufanyia sherehe ya kuwaaga wanaomaliza, mama yako akalia na maua mkononi. Mwaka huu atalia tena?"

"Atalia, wajukuu. Machozi anayo."

Wote hucheka isipokuwa Brennan, mchezaji mdogo aliyeahidiwa nafasi ya Babu ya ufadhili wa masomo pindi Babu akiondoka. Sasa kanuni mpya ya michezo ya vyuo imemwongezea Babu mwaka wa kucheza, na Brennan kaambiwa asubiri au atafute chuo kingine. Basi huyatazama yale magoti, Mungu amsamehe, akiyaombea mabaya.

Jana goti moja likamsaliti Babu, akaanguka miguuni pa Brennan.

"Ninyanyue, mdogo wangu."

Brennan akamvuta, moyo ukimruka kwa furaha. Babu akaujaribu mguu, akachechemea kidogo, akarusha mpira ukazama kikapuni bila kugusa chuma. Ukumbi ukalipuka. Brennan naye akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, ili asije akatazamwa usoni.