Buti za Kangema

Mimi nimepandisha kila kitu kwenye Mlima Kenya isipokuwa mlima wenyewe. Nimebeba mitungi ya gesi, mahema, matikiti maji, na siku moja keki ya harusi yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Naro Moru. Mgeni mwenye keki alitaka kuikata juu kabisa, karibu na Mungu. Keki ilifika salama. Harusi, nilivyosikia, ilivunjika wakiteremka.

Nawaambia haya ili mjue kwamba mambo ya mizigo sikuyasoma kitabuni. Lakini kitabuni pia niliyasoma. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na ndevu, katika darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa, tukiketi kwenye viti vya kwaya. Tulikuwa tukisoma hadithi fupi kuhusu askari vitani. Mwalimu alichora mtu ubaoni akatuambia tumtwike mizigo yake yote, ya mgongoni na ya moyoni. Basi tukamtwika. Bunduki, maji, chakula cha mkebe, picha ya mchumba, hofu, aibu. Mama mmoja anayeuza viazi stejini, pale matatu zinapopakia, akaongeza huzuni, mwalimu akampigia makofi. Mimi nikainua mkono.

"Mwalimu, huyu amepita kilo. Pale getini hawawezi kumruhusu."

Darasa zima likacheka. Kabla ya kupanda, mizigo yetu sisi maporta, wapagazi wa mlima, hupimwa kwa mizani kwenye geti la hifadhi, na ikizidi unatoa kitu. Nilikwenda nyumbani nikiwa bado najicheka mwenyewe.

Nyumbani alikuwepo kaka yangu mkubwa, aliyerudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameacha jeshi, akawa anaishi kwangu, anakaa na mgongo ukutani na uso mlangoni. Akakichukua kile kitabu, akaisoma ile hadithi mara moja, akanirudishia.

"Ni mzuri huyu mwandishi," akasema. "Lakini askari wake habebi kitu bure. Akibeba picha, mbele huko picha itatolewa. Akibeba kisu, kisu kitakata. Sisi tulibeba vitu vingi sana ambavyo havikufanya kazi yoyote. Betri. Ulikuwa huwezi kuamini betri tulizobeba."

"Na ile begi yako?" nikamuuliza.

Alikuwa na begi dogo la kijani ambalo halikutoka kichwani pa kitanda chake. Nilikuwa nimemuuliza habari zake mara nyingi na jibu lilikuwa moja tu: vitu vya askari mwenzake aliyekufa, vinaenda Kangema kwa mama wa huyo mwenzake.

"Na vinaenda lini?"

"Nikijua nitamwambia nini."

Aliwahi kujaribu. Alitoka asubuhi, amenyoa, amevaa shati la kanisani. Alifika Othaya, ambapo ni kubadilisha gari tu na kuendelea, akageuka. Akarudi kwangu jioni na mkungu wa ndizi, kana kwamba alikuwa ametumwa sokoni. Tulikula zile ndizi mpaka nikaanza kuogopa kwamba nitapanda miti kama nyani. Utani wangu haukumchekesha. Usiku nilikuwa namsikia akilisogeza lile begi, zipu haifunguliwi, linasogezwa tu.

Nikaona dawa ya mtu kama huyo ni mlima. Nikamtafutia kazi kwenye kikosi chetu, na mpishi wetu, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuheshimika, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Afande! Huku hakuna adui. Ni baridi tu, na wageni wasiokula pilipili."

Kaka alibeba vizuri, sikatai. Mwendo wake ulikuwa wa kijeshi, hatua sawasawa. Lakini juu ya mzigo wa kazi alibeba pia lile begi lake, kifuani, kama mama anayemkinga mtoto na upepo. Mpishi alimwambia aliache kambini chini, akakataa. Tulipofika kwenye ule mwinuko wa kinamasi, ambako matope yana tabia ya kula mtu mpaka magotini na kumtema bila kiatu, akaanza kuachwa nyuma.

Sasa, sisi maporta tuna desturi yetu. Mwenzako akilemewa, humwambii amelemewa. Mgeni akisikia, safari ijayo huyo mwenzako hataitwa kazini. Unangoja aende kuchota maji au kujisaidia, mnafungua mzigo wake haraka, mnagawana kidogo kidogo, mnafunga kamba vile vile alivyofunga yeye. Akirudi anasikia mzigo mwepesi, anajua, na hasemi asante. Hata mimi nimewahi kufanyiwa hivyo. Hakuna anayetaja.

Basi kaka akaenda kijitoni na mitungi ya maji. Mpishi akanitazama, nikamtazama. Tukatoa kwenye mzigo wake mfuko wa viazi na sufuria. Halafu mpishi akalishika lile begi la kijani, ambalo kaka alikuwa ameliweka juu ya jiwe.

"Hii ndiyo inamuua," akasema.

Ndani kulikuwa na buti za jeshi zimefungwa kwa sweta. Hamna kingine. Hazikuwa hata nzito! Lakini mkono ukishaanza kugawana hauulizi. Mpishi akachukua moja, mimi nikachukua ya pili, tukazitumbukiza chini kabisa ya mizigo yetu. Sweta tukaliacha, tukafunga zipu.

Kaka akarudi. Akaweka maji, akainua begi.

Sitasahau uso ule. Alilifungua, akatia mkono, akatoa sweta, akalikung'uta mara moja. Kisha akageuka, akashuka kwenye kinamasi tulikotoka, anakimbia. Mpishi akadhani tumbo limemshika. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kutafuta utani wa kumwambia akirudi. Ukungu ulipofunguka kidogo tukamwona chini kule amepiga magoti, mikono imezama matopeni mpaka viwikoni, anapapasa. Anatoka shimo hili anaingia lile. Alidhani amezidondosha.

"Afande!" mpishi akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Afande, wacha! Tuko nazo! Tuko nazo huku!"

Alipanda polepole. Tulikuwa tumeshazitoa, tumeziweka kwenye nyasi pamoja, ya kulia na ya kushoto. Akazifuta matope ambayo hazikuwa nayo, yalikuwa ya mikono yake. Nilimwambia ni desturi, hatukujua. Akasema anajua ni desturi, hata jeshini ipo.

Halafu akakaa pale kwenye nyasi zenye maji akatuambia. Buti zake mwenyewe zilikuwa zimeachana na soli. Siku hiyo zamu ya kwenda kuchota maji ilikuwa yake, na mwenzake alikuwa anapumzika. Mwenzake akavua zake akamrushia: vaa hizi, utarudisha. Kaka akiwa kisimani, kambi ikashambuliwa. Aliporudi alimkuta mwenzake ameanguka mbali kidogo na hema. Sanduku la maiti lilifika Kangema limefungwa, kwa hiyo mama yake hakuona alikuwa amevaa nini.

"Ataniuliza swali moja tu," kaka akasema. "Kama buti ziko hapa, yeye alikuwa amevaa nini?"

"Nani atauliza mambo ya viatu?" mpishi akasema, lakini taratibu.

"Mama."

"Na alikuwa amevaa nini?" nikauliza mimi.

"Patipati. Ndala zile za mpira."

Wageni walikuwa wanatungoja juu na chakula chao tulikuwa nacho sisi. Tukabeba, tukaenda. Safari yote ile mpishi hakusimulia hadithi hata moja, jambo ambalo mlima haujapata kuliona tangu uumbwe.

Tuliposhuka nilimwambia kaka sitamwacha ageuke pale Othaya tena. Tukaenda pamoja. Kangema ilikuwa na mvua ile ya majani chai, isiyonyesha wala kuacha. Mama tulimkuta ndio anatoka shambani, amejifunga plastiki kiunoni, mikono ina weusi wa utomvu. Kaka alijitambulisha kwa jina la kikosi na jina la mwanawe. Mama akatushika mikono, akatuingiza jikoni, akatupa chai na viazi vitamu kabla ya kutuuliza chochote. Viazi vile nilivikula kwa kasi kwa sababu niliogopa kimya.

Kaka akafungua zipu, akamwekea buti mapajani. Mama akazigeuza, akaangalia soli.

"Hizi zimetembea mpaka mwisho," akasema. "Nani alikuwa amezivaa?"

"Ni mimi, Mama."

"Na yeye?"

Kaka akaweka kikombe chini.

"Patipati, Mama. Aliniazima hizi. Mimi nilikuwa nimeenda maji."

Moto ulikuwa unataka kuchochewa, hakuna aliyechochea.

"Alikimbia na hizo patipati?"

"Alikimbia nazo."

"Hizo huteleza," mama akasema. "Hata hapa, kwa matope hii yote, ni hizo alikuwa anataka. Nilikuwa nagombana na yeye." Kisha akazisukuma zile buti kwa kaka. "Vaa."

"Mama?"

"Vaa, kijana. Si ziko saizi yako?"

Kaka akavua viatu vyake, akavaa zile buti, akafunga kamba.

"Tembea mpaka kwa ua, urudi."

Akatoka kwenye mvua. Tukasikia buti kwenye kokoto, zikienda, zikigeuka, zikirudi. Mama hakuwa anamtazama kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mlango, kama mtu anayesikiliza nani anaingia langoni.

"Tena," akasema.

Alikwenda tena. Na tena. Mimi ndani nililia mpaka nadhani mto Mathioya ulipanda, nikisingizia moshi. Mama hakulia. Mara ya mwisho alisimama, akachukua sufuria, akaweka maji ya chai kwa watu wengi kuliko tuliokuwepo, kisha akakumbuka, akapunguza.

"Sasa vua," akamwambia kaka mlangoni. "Zimeloa. Nitaziweka kando ya moto."

Hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe. Alitusindikiza hadi barabarani akiwa amejifunika gunia kichwani, akamwambia kaka asipotee, akarudi kwake.

Tulishuka kuelekea stejini. Kaka alikuwa amelishika lile begi kifuani vile vile, mikono yote miwili, na ndani halikuwa na kitu, hata sweta aliliacha kule. Nikamwambia, "Braza, leta nikusaidie." Mimi niliyepandisha keki ya ghorofa mpaka mawinguni, begi tupu ningelibeba kwa ukucha.

Akatikisa kichwa. Akalikumbatia zaidi, mvua isiliingie.