Ndege ya Amana Bandani Kwetu

Mume wangu alipofariki, ndugu zake wawili walikuja kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi yetu. Mkubwa alichukua koti. Mdogo alichukua randa na misumeno, maana mume wangu alikuwa seremala. Kisha wakafungua banda la pareto, na ndani ilikuwamo ndege.

Ilikuwa ndege ya zamani, mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, ya mbao na kitambaa. Wakati wa vita jeshi la wakoloni liliitumia kufundishia vijana urubani. Vita vilipokwisha ikanunuliwa na mzungu wa shamba la chai upande wa Sotik. Tulipopata uhuru akamwuzia Mhindi mwenye duka la nguo mjini Kisii, ambaye alimwita mume wangu atengeneze mbao za mabawa zilizoliwa na mchwa. Miaka ya sabini ilipoanza, Mhindi aliamua kuhamia ng'ambo. Aliileta kwetu Nyamira kwa lori, akasema, "Fundi, nitunzie mpaka nitume watu."

Maneno hayo tuliyasikia mimi na mume wangu tu. Kijijini walimwita Mwenye Ndege, naye hakukana. Alikuwa mtu mpole, asiye na mali, na jina hilo lilimfanya atembee wima. Mimi pia nilinyamaza.

"Shemeji," alisema yule mdogo, "mimi nichukue mabawa ya juu, kaka ya chini. Wewe bakia na mkia, ufagilie jikoni."

Nilicheka, ingawa nilikuwa na msiba.

"Bati linalofunika injini litatoa sufuria nzuri," alisema mkubwa. Alikuwa ameshika shoka.

Nikinyamaza, ndege ingekatwa, lakini mume wangu angebaki Mwenye Ndege. Nikisema, ndege ingepona, na yeye ningemvua jina, udongo wa kaburi lake ukiwa bado mbichi.

"Si yake," nikasema. "Ni kama ng'ombe wa kuwekeshwa."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Ng'ombe wa mtu hukaa bomani kwa rafiki yake. Rafiki hunywa maziwa, lakini akifa, ng'ombe huyo hagawiwi. Mkubwa akaweka shoka chini.

"Miaka yote hiyo alitudanganya?"

"Mlisema ninyi. Yeye alinyamaza tu."

Mdogo alinitazama. "Sasa shemeji, ng'ombe huyu alimpa maziwa gani?"

Nikawaambia. Kila Sabato, tukitoka kanisani, alinipandisha kiti cha mbele na nguo zangu nzuri, yeye akakaa nyuma, akauliza, "Mama watoto, leo twende wapi?" Nikisema Kenyenya, kwa dada yangu, alinieleza njia yote, mto kwa mto, mpaka tushuke. Injini haikuwaka hata mara moja.

Mkubwa akauliza, "Mlipitia juu ya mji wa Kisii?"

"Tulipitia."

"Basi mliona hata soko la ndizi," akasema, akaufunga mlango wa banda.